Kazi ya Dakika Tano

Kichekesho cha runinga cha dakika tano hutazamwa na mtu akiwa na sahani ya wali mbele yake. Anacheka, anafuta mchuzi mdomoni, anaendelea kula. Nyuma ya dakika hizo kuna watu waliokaa kutwa kwenye chumba kisicho na feni wakibishana kama neno "shemeji" litangulie au lije mwishoni mwa sentensi. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha mimi na wanangu tangu miaka ya tisini, mwanzoni nikiwa mwigizaji, baadaye mwandishi zaidi kuliko mwigizaji. Na ninaloliamini kuliko yote niliyojifunza humo ni kwamba kichekesho lazima kiandikwe. Kisipoandikwa kinakuwa mali ya yeyote aliyekisikia, na mtunzi wake akifariki kinazikwa naye.

Nasema hivyo ingawa walionifunza kazi hawakuandika hata mstari mmoja, na walikuwa mabingwa.

Nimezaliwa Tanga, Makorora. Sisi watu wa Tanga tulikuwa na bahati ya kukaa karibu na mpaka: redio ilishika Dar es Salaam na ilishika Kenya. Nikakua nikiwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na siku hewa ikiwa tulivu, jirani mwenye runinga na antena ndefu alinasa Vitimbi, kichekesho cha Wakenya. Watoto tulijazana dirishani kwake kumtazama Mzee Ojwang akigombana na Mama Kayai. Nilimpenda Mama Kayai kabla sijajua kwa nini. Sasa najua: alikuwa mwanamke mwenye hoja. Alichekesha kwa sababu katika ugomvi ule mara nyingi haki ilikuwa yake, na mumewe alilijua hilo, nasi tuliokuwa dirishani tulilijua.

Tanga pia tulikuwa na Amri Athumani, ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto. Alianza kuigiza akiwa bado mtoto, na mimi napata akili yeye alikuwa mtu mzima wa jukwaani. Nilichokuwa nikikitazama ni uso wake. Mzee bahili akiombwa hela, Majuto alikataa kwa uchungu wa kweli, macho yakimtoka, sauti ikimkauka. Watu wakawa hoi kwa kicheko, yeye bado anahesabu noti zake na kuzirudisha kibindoni. Hakuwahi kutukonyeza kutuambia kwamba anatania. Hapo ndipo nilipopata msingi wa kwanza wa fani hii, nikiwa bado navaa sare ya shule: mhusika wa kichekesho hajui kwamba anachekesha. Ana shida yake na anaitafutia dawa. Kicheko ni cha sisi tunaomtazama, yeye hana habari nacho.

Nilihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakati ule burudani ya jioni ya watu wa kawaida ilikuwa kwenye kumbi na mabaa. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa imetawala, kisha mwaka 1992 ikaja Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba, na mji ukagawanyika kwa ushabiki kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Kiingilio kimoja kilikupa kila kitu: ngoma, sarakasi, igizo, taarabu, na katikati yake kichekesho. Kikundi nilichojiunga nacho kilikuwa kidogo na jina lake halikuvuka Magomeni, Manzese na Mwananyamala, lakini utaratibu wetu ulikuwa uleule wa wakubwa.

Kichekesho hakikuwa na karatasi. Kiongozi alituita nyuma ya pazia, katikati ya makreti ya bia, akasema: "Wewe baba mwenye nyumba. Wewe mpangaji, hujalipa miezi mitatu. Wewe mke wa mpangaji. Baba mwenye nyumba akianza kubeba godoro, mjue tumefika mwisho." Basi. Maneno yote uliyatafuta mwenyewe juu ya jukwaa. Ukipata neno zuri watu walikuja kukutunza, noti inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Ukikosa neno, ukumbi wote ulirudi kwenye bia na mazungumzo yake, na ukishaisikia sauti hiyo mara moja hutaki kuisikia tena.

Shule ile ilikuwa kali na niliipenda. Ilinifunza kusikiliza. Mwenzako akikurushia neno ambalo hukulitarajia, unalipokea, unalijengea chumba, mnaingia humo wote wawili. Ukilikataa, mchezo unakufa palepale. Ilinifunza pia kukaa kimya, kwa sababu kicheko cha watu wengi kina mwendo wake: kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka, na neno linalofuata lazima litue kikiwa kinashuka. Ukisema mapema, neno linamezwa. Ukichelewa, limepoa. Hakuna darasa linaloweza kukufundisha hilo. Utalijua ukiwa umesimama mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Pamoja na hayo, mimi nilikuwa "mke". Mke wa mlevi, mke wa bahili, mke wa fundi cherehani anayewapima wateja wa kike kwa muda mrefu kupita kiasi. Kazi ya mke ilikuwa kuingia na mwiko, kupiga kelele, na kumkimbiza mume mpaka nyuma ya pazia. Kicheko kikubwa cha usiku kilikwenda kwa mwanamume aliyejifunga kanga, mto ukiwa nyuma, aliyeigiza mama mkwe. Alikuwa fundi yule bwana, sina neno baya juu yake. Lakini nilimuuliza kiongozi wetu, mbele ya wenzangu, kwa nini mama mkwe wa bandia ana mambo kumi ya kusema na mwanamke halisi ana mwiko tu. Akanijibu nitafute maneno yangu mwenyewe, kila mtu anatafuta yake. Kwa sheria za mchezo wa papo kwa papo alikuwa sahihi. Shida ni kwamba katika mchezo wa aina hiyo maneno humwendea mwenye sauti nene. Wanaume watatu wakiushika mchezo, unabaki pembeni ukisubiri upenyo usiokuja.

Ndiyo maana nilianza kuandika. Sikusomea, na runinga ilikuwa bado haijatutafuta. Nilinunua daftari kubwa nikaandika mchezo mzima, wa kwangu na wa wenzangu, nikawasomea kabla ya mazoezi. Wakashangaa, kisha wakagundua kwamba na wao wamepewa maneno mazuri kuliko yale waliyoyazoea. Mwigizaji humpenda yeyote anayempa neno zuri. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini mke ana hoja.

Runinga ilifika Tanzania Bara mwaka 1994 kwa vituo vya watu binafsi. Wazanzibari walikuwa na yao tangu miaka ya sabini. Televisheni ya Taifa ikaanza mwaka 2000. Vikundi vya sanaa vikaanza kuhamia mbele ya kamera, na watu ambao sura zao zilijulikana kwa wateja wa baa moja wakajulikana kutoka Mtwara mpaka Bukoba. Wengi walipeleka kwenye kamera kilekile cha ukumbini. Kamera haicheki. Chumba cha kurekodia kinanyamaza kimya, mpiga picha anabana pumzi asiharibu sauti, na wewe uliyezoea kubebwa na kicheko cha watu mia tatu unajikuta unaongeza kelele, unaongeza mikono, unavuta mdomo. Mtazamaji wa nyumbani yuko hatua tatu kutoka kwenye uso wako. Anaona kila kitu, na anaona kwamba unahangaika.

Hapo karatasi ilionyesha thamani yake. Mchezo wa ukumbini wa dakika ishirini ulitakiwa uwe wa dakika tano. Nani atakata, na atakata wapi? Kama umeandikwa, unakata kwa kalamu ukiwa umekaa. Kama haukuandikwa, utakatwa na mtu wa kuhariri picha, usiku, peke yake, na yeye hajui kwamba sentensi aliyoiondoa pale mwanzo ndiyo iliyobeba kicheko cha mwisho.

Nitaeleza mchezo mmoja kwa kirefu, maana kazi hii ukiizungumzia kwa juu juu haieleweki.

Nyumba ya kupanga, uswahilini, vyumba sita, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Aliyewahi kupanga anajua mateso yake. Hela zinachangwa, umeme unaisha kabla ya wakati, kila mmoja anaapa kwamba yeye anatumia taa tu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ugomvi mtupu: umeme umekatika, wapangaji wanatoka gizani, wanatuhumiana. Ulikuwa na kelele nyingi na kicheko kidogo, kwa kuwa ugomvi wa watu wote kwa pamoja hauna mtu wa kumfuata. Jicho la mtazamaji linazunguka korido nzima bila kupata pa kutua.

Katika rasimu ya pili nikamwingiza mama wa chumba cha uani, aliyechaguliwa na wenzake kukusanya hela za umeme. Nikampa daftari. Anaichukulia kazi ile kwa uzito mkubwa kabisa. Chumba namba tatu ana redio ndogo: mia tano. Namba nne ana feni: elfu moja. Namba mbili ana mgeni asiyeisha kuaga, na mgeni huyo halali mpaka taa iwake: mia nane. Kila kifaa kina bei, na bei zote anazisoma akiwa amesimama wima, miwani imeshuka puani. Sasa kulikuwa na mtu wa kumfuata. Mama yule hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa haki katika nyumba isiyo na haki, na mita ilikuwa imemchagua ateseke kwa niaba ya wote.

Kicheko chenyewe kilikuja kwenye rasimu ya tatu. Umeme unakata usiku. Mama anatoka na kibatari, anawapanga wapangaji kwenye korido, anaanza kuwanusa kola, mmoja baada ya mwingine. Hasemi kitu. Anatafuta harufu ya pasi. Anafika kwa kijana wa chumba namba tano, shati limenyooka, mkunjo wa mkono umekaa sawasawa. Ananusa. Ananusa tena. Anamwinulia kibatari usoni. Kijana anasema kwa sauti ndogo: "Mama, kesho nina usaili." Mama anafungua daftari, anaandika, huku akitamka polepole: "Usaili... mia saba. Ukipata kazi... elfu mbili."

Mama yule niliigiza mimi. Tulipokuwa tunarekodi, mwongozaji alitaka niseme maneno wakati wa kunusa, kwa hofu kwamba kimya kirefu kitamfanya mtazamaji abadili kituo. Nikamwonyesha daftari langu: upande wa kulia naandika maneno, upande wa kushoto naandika mikono inafanya nini, na pale kushoto palikuwa pameandikwa "hasemi kitu mpaka namba tano". Kwa kuwa palikuwa pameandikwa, tulibishana juu ya kitu kinachoonekana, na baada ya kukisoma mara mbili alikubali. Kama ningekuwa nimekibeba kichwani, angeniambia kwamba nimekibuni palepale, na kimya kile kisingerekodiwa kamwe.

Watu sokoni waliniita Mama LUKU kwa muda mrefu. Nilipowauliza walichokipenda, wengi hawakutaja bei za redio na feni. Walitaja usaili. Kila nyumba imewahi kupiga pasi shati la mtu anayekwenda kutafuta kazi, na kila nyumba imewahi kumsamehe mtu huyo kwa sharti kwamba akipata atakumbuka. Mwandishi wa vichekesho anatafuta jambo la namna hiyo, ambalo watu wanalijua na hawajawahi kulisikia likisemwa. Nikilipata, kuchekesha kunabaki kazi ndogo.

Kuandika kunatoa kitu kingine ambacho jukwaa halitoi, nacho ni muda wa kujiuliza nani ataumia. Mwigizaji aliyekwama mbele ya watu anakamata kilicho karibu, na kilicho karibu siku zote ni lafudhi. Mlinzi anakuwa Mmakonde. Anayejisifu anakuwa Mhaya. Mpenda hela anakuwa Mchaga, muuza duka Mpemba, tajiri Mhindi anayevunja Kiswahili. Kicheko kinakuja haraka na mchezo unaokolewa. Ukihoji, unajibiwa kwamba sisi Watanzania ni watani.

Ni kweli tuna utani, na mimi nauheshimu kuliko wengi wanaoutaja kama kinga. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mngoni na Mhehe walipigana vita vikali karne ya 19, na baada ya damu ile wakawekeana utani. Nenda kwenye msiba uone unavyofanya kazi. Mtani anaingia akimwigiza marehemu, anavaa kofia yake, anadai apewe jogoo, anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyechimba kaburi alfajiri, ndiye anayechota maji na kupasua kuni. Na siku msiba ukiwa kwake, zamu inageuka. Utani una wajibu na una zamu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Runinga haina zamu. Mlinzi wa kweli, aliyekaa langoni kwa mtu na runinga ndogo ya betri, akiona lafudhi ya bibi yake inachezewa hana pa kujibia. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni, na niliwataka wenzangu waifuate: mhusika tunayemcheka lazima tumpe akili. Ukimwandika mlinzi, mpe jambo analolijua ambalo tajiri halijui. Mwache ashinde hata mara moja. Mpe sentensi ya mwisho. Na kigugumizi, kilema na upofu sikuviandika kabisa vichekwe, na niliwahi kuacha malipo ya kipindi kizima kwa sababu hiyo. Kumcheka mtu kwa mwili aliozaliwa nao ni uvivu wa mwandishi, na mtazamaji mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani hatakusamehe.

Ndiyo maana lile kundi lililoanza kwa jina la Ze Comedy pale EATV nililifuatilia kwa heshima. Lilikuwa na vijana waliotazama watu kwa bidii. Joti akiigiza bibi kizee, hakuvaa kanga ili tumcheke mwanamume aliyevaa kanga. Alijua bibi anavyokaa kitini, anavyouficha mguu unaomuuma, anavyonyamaza kabla ya kutoa shutuma. Kwa yule mama mkwe wa baa zetu nilikuwa nimeona ufundi. Kwa Joti niliona bibi. Kenya nako, wachekeshaji wa Redykyulass waliingia runingani wakimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu, jambo ambalo kizazi kilichowatangulia kisingethubutu. Uthubutu peke yake usingewafikisha mbali. Walikuwa wamesoma mwendo wa sauti ya mkubwa, pale anapotua na pale anaporudia, mpaka Mkenya aliyefumba macho angeweza kubabaika.

Kundi la Ze Comedy baadaye lilihama kwenda TBC1, na huko likajulikana kwa jina la Orijino Komedi. Watazamaji wengi waliliona jambo lile kama mabadiliko ya jina tu. Sisi wa fani tulikaa vibarazani tukalijadili kwa uchungu, maana lilituonyesha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: jina ulilolipa umaarufu kwa jasho lako linaweza lisihame pamoja nawe. Na kama jina la kundi ni hivyo, itakuwaje jina la mhusika, mavazi yake, au ile sentensi moja ambayo watoto wanaiimba mtaani?

Swali hilo lilinifikia mlangoni. Kampuni moja ya matangazo ilikuja kwenye kikundi chetu ikimtaka "yule mama wa daftari" kwa tangazo la bidhaa. Walikuwa wameshampata mwigizaji mwingine, kijana na wa bei nafuu. Walichotaka ni ruhusa ya mdomo ya kiongozi, na soda walikuwa wameshamnunulia. Nikatoa daftari langu: mchezo mzima kwa mwandiko wangu, tarehe juu, sahihi za wote waliokuwepo mazoezini chini. Yule bwana aliyekuja na mkoba alilisoma kwa makini, akaomba kwenda nje kupiga simu. Alivyorudi, mazungumzo yalikuwa mengine. Walilipa. Hazikuwa hela za kujengea nyumba, lakini kwa mara ya kwanza katika kikundi kile alilipwa mwandishi, kwa jina lake la mwandishi.

Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Wasanii wa muziki waliichangamkia mapema kuliko sisi, kwa kuwa wimbo una kanda na kanda inashikika. Mchekeshaji hubeba mali yake kichwani, na wazo lililo kichwani sheria haina namna ya kulilinda. Liandike, lirekodi, litie tarehe, hapo ndipo unakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mikataba ya wasanii ikawa gumzo la nchi nzima. Waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia. Mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila banda la video kutoka Tanga hadi Kigoma, na kwenye matangazo ya biashara, alikuwa anazungumziwa kwa habari ya alichostahili kulipwa. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 hospitali ya Muhimbili, akazikwa Tanga. Niliusikia msiba ule nikiwa jikoni na nikalia kama mtoto wa nyumba ile. Mchekeshaji mwenzake Mzee Small alikuwa ametutoka mwaka 2014, Mzee Ojwang mwaka 2015. Katika miaka minne tukawa tumezika watu watatu waliokuwa maktaba ya kicheko cha Afrika Mashariki, na kila mmoja alikwenda na michezo ya jukwaani ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Filamu tunazo. Michezo iliyotangulia kamera, ile iliyowafunza ufundi wenyewe, hatuna.

Sasa hivi vijana hawahitaji kituo cha runinga. Simu moja, taa ya kununua Kariakoo, rafiki wa kushika kamera, na kichekesho cha dakika moja kinatazamwa Mwanza, Goma, Muscat na Minneapolis usiku huohuo. Nawatazama kwa furaha. Wamejua kukata picha vizuri kuliko sisi, na wasichana wamekuwa wengi, wenye hoja, hawashiki mwiko. Wanaponijia kuomba ushauri huwa nauliza swali moja tu la mwanzo: umeandika wapi? Wengi wananionyesha simu. Wamejirekodi sauti wakiwa kwenye daladala, basi. Simu ikiibiwa Ubungo, kazi ya mwaka imekwenda.

Na mkataba wa tangazo nao unakuja kwenye simu, kwa ujumbe mfupi, ukiwa na hela ambayo kwa kijana wa chumba kimoja ni nyingi. Kabla hujajibu "sawa", uliza mambo haya na uyapate kwa maandishi: tangazo litarushwa kwa muda gani, litarushwa wapi, mitandaoni litakaa mpaka lini, na jina la mhusika wako baada ya hapo ni la nani. Anayekutakia mema hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwishakujibu.

Kuna jambo naliomba kwa kila anayesoma hapa, awe msanii au asiwe. Kwenye makabati ya watu kuna kanda za VHS za sherehe, za kumbi, za vipindi vilivyorekodiwa nyumbani kutoka kwenye runinga miaka ya tisini. Ndani yake kuna vichekesho vya vikundi ambavyo havipo tena. Kanda hizo zinaota ukungu. Ukiwa nayo, usiitupe wakati wa kuhama nyumba. Mtafute fundi aihamishie kwenye kompyuta, kaa na wazee watazame, na andika majina ya kila anayeonekana humo. Nawe kijana uliye na kichekesho kichwani wiki hii, kiandike leo, chote, pamoja na pale ambapo mhusika hasemi kitu, kisha weka jina lako kamili na tarehe juu ya ukurasa wa kwanza kabla hujamsomea mtu yeyote.